Tamthilia za Dickens na Hukumu Zangu za Haraka

Kasha la DVD liliandikwa David Copperfield, jina la riwaya ya Charles Dickens, mwandishi Mwingereza wa karne ya 19, nami sikusoma zaidi ya hapo. Kwa miezi kadhaa nilikuwa naitafuta tamthilia ya BBC ya mwaka 1999, ile ambayo Daniel Radcliffe anaigiza David akiwa mtoto, kabla dunia haijamjua kwa miwani ya Harry Potter, na Maggie Smith ni Betsey Trotwood, yule shangazi wa marehemu baba yake David, mwenye ulimi mkali na moyo laini. Diski ilipofika nilimwita dada yangu mkubwa, nikafunga mapazia, nikamsifia Maggie Smith mpaka dada akachoka kunisikiliza. Tukaanza kuangalia. Betsey Trotwood akatokea, na hakuwa Maggie Smith. Alikuwa Sally Field.

"Ndiye huyu uliyekuwa unanipigia kelele?" dada akauliza.

Nilichonunua kilikuwa filamu ya televisheni ya mwaka 2000, ambayo Hugh Dancy ndiye David mtu mzima. Muuzaji hakunidanganya, kasha lilisema kweli tupu. Mwaka mmoja tu ndio ulioniponyoka. Tuliiangalia mpaka mwisho kwa sababu dada alikataa kuinuka, na mimi nilikaa pembeni nimenuna kama mtoto aliyenyimwa zamu yake.

Tangu siku hiyo nina daftari. Anayemtafuta Charles Dickens kwenye televisheni hatafuti kitu kimoja. Great Expectations peke yake, BBC imeitengeneza mwaka 1981, 1999, 2011 na 2023, na hapo sijataja za kabla ya hizo, wala filamu ya sinema ya David Lean ya 1946 inayojitokeza kila unapoandika jina hilo. Kwa hiyo jina la riwaya halikusaidii kitu. Mimi huandika mwaka, jina la aliyeandika skripti, na jumla ya dakika.

Dakika, si idadi ya sehemu. Hilo nalo nilijifunza kwa kujikwaa. Little Dorrit ya 2008 ilionyeshwa Uingereza kwa sehemu 14, lakini PBS ya Marekani iliionyesha kwa sehemu tano. Nilipokuta "14" mahali pamoja na "tano" mahali pengine niliamini kwamba ile ya pili imekatwakatwa, nikaikimbia. Kumbe wameunganisha tu vipande vifupi kuwa virefu. Upande wa pili, nimewahi kukuta kanda ya zamani ya video ambayo mfululizo mzima umeshonwa kuwa filamu moja, na katika kushona huko mhusika mmoja anaingia nyumbani kwa watu asubuhi na hatoki tena. Kasha lilikuwa kimya kabisa kuhusu jambo hilo. Dakika zingeniambia.

Mambo ya namba za maeneo kwenye DVD nayapita haraka: 1 ni Marekani na Kanada, 2 ni Ulaya ya Magharibi na Japani, 5 ni sehemu kubwa ya Afrika pamoja na India na Urusi. Deki isiyokubali namba ya diski yako haitakuonea huruma. Na zipo ambazo huzipati hata ukiwa na deki ya malaika. Mwaka 1966 BBC ilitengeneza David Copperfield ya sehemu 13, Ian McKellen akiwa bado kijana. Enzi hizo kanda zilikuwa ghali, zikafutwa ili zitumike tena, na sehemu zilizosalia ni chache tu. Nimewahi kukaa na orodha ya waigizaji wake mkononi kama mtu anayesoma barua ya marehemu.

Lakini kutafuta ni nusu nyepesi ya kazi. Pale nilipokosea kweli ni kwenye kuhukumu.

Bleak House ndiyo riwaya ya Dickens niliyoisoma mara nyingi kuliko zote. Inaanza kwa neno moja, London, kisha matope, kisha ukungu: ukungu mtoni, ukungu kwenye mashua, ukungu kwenye koo za wazee, mpaka unafika katika Mahakama ya Chancery, ambako kesi ya mirathi ya Jarndyce na Jarndyce imekaa miaka mingi kiasi kwamba hakuna aliye hai anayeielewa. BBC waliitengeneza mwaka 1985 kwa sehemu nane, skripti ya Arthur Hopcraft, Diana Rigg akiwa Lady Dedlock, bibi mkubwa mwenye siri, na Denholm Elliott akiwa John Jarndyce. Nilipoiona nilihisi nimerudishiwa mali yangu. Giza lipo, matope yapo, mwendo ni wa polepole, na ukungu umejaa kama ulivyo kwenye ukurasa wa kwanza.

Kisha nikaipata ile ya 2005, skripti ya Andrew Davies. Inaanza na Esther, binti ambaye ni mhusika mkuu, anapanda gari la farasi kwenye mvua. Kamera inarukaruka, na kila tunapohama mahali kunasikika mlio wa kuvurumisha, kama kisu kinachopita karibu na sikio. Ukungu hamna. Nilichukua kalamu nikaanza kuandika mashtaka. Kimekatwa hiki, kimekatwa kile. Halafu nikakuta kosa ambalo kwangu halikuwa na msamaha: wakili Tulkinghorn, aliyeigizwa na Charles Dance, amepewa karani anayeitwa Clamb, na Clamb hayumo kitabuni kabisa. Usiku wa pili niliimaliza, nikajitangazia ushindi.

Dada alikuwa ameiangalia pamoja nami. Hajasoma Dickens hata ukurasa mmoja na hana mpango wa kusoma. Nilimweleza uovu wa Clamb kwa dakika kama kumi. Akasikiliza, akauliza, "Sasa mdogo wangu, kitabuni huyo wakili anaongea na nani?"

Haongei na mtu. Dickens anasema ni chaza wa zamani ambaye hakuna awezaye kumfungua. Tunayajua yaliyomo kichwani mwake kwa sababu msimulizi anatudokezea.

"Basi mimi ningemjuaje?"

Sikuwa na jibu, na usiku ule nililala vibaya. Clamb hakuwekwa kwa uvivu. Aliwekwa kwa sababu kuna mtu mwingine ameondolewa, mtu mkubwa kuliko Esther na Lady Dedlock, asiyeandikwa kwenye orodha yoyote ya wahusika: msimulizi. Mimi nilikuwa nahesabu waliokatwa na sikuwahi kumhesabu yeye.

Jambo la pili lililonigeuza ni kalenda. Bleak House haikutoka kama kitabu. Ilitoka kwa vijitabu vya kila mwezi, kuanzia Machi 1852 hadi Septemba 1853, kurasa 32 kila kimoja, na michoro miwili ya mchoraji Phiz, kwa shilingi moja ya Kiingereza. Msomaji alimaliza kurasa zake kisha akangoja mwezi mzima. Kijitabu cha kumi kinafungwa na kifo cha Krook, mzee mnunuzi wa makaratasi na mifupa, aliyejiwakia moto mwenyewe mwilini mpaka hakubaki kitu ila mafuta na masizi ukutani. Wasomi wa wakati huo walimkaripia Dickens kwamba jambo hilo haliwezekani. Wasomaji, nadhani, walikuwa na kazi nyingine: kungoja Januari.

Sasa tazama walichofanya BBC mwaka 2005. Sehemu ya kwanza ilikuwa ya saa nzima, zilizofuata nusu saa nusu saa, mbili kwa wiki, zikiwekwa baada ya EastEnders, tamthilia ya mtaani iliyokuwa ikiangaliwa na kila mtu. Watu wa heshima walidhani ni matusi kwa mwandishi mkuu. Lakini Dickens aliandika hivyohivyo, kwa watu haohao, akiwakatisha pumzi mwishoni ili warudi. Na mimi niliimeza yote kwa usiku mbili, kisha nikailaumu kwamba ina haraka.

Nikairudia. Safari hii nilikubaliana na dada: Alhamisi na Ijumaa, nusu saa, basi. Ilituchukua wiki nane. Yale makelele ya kamera yaliyoniudhi niligundua yanafanya kazi ya kukurudisha ndani haraka baada ya siku sita za mambo mengine. Na Lady Dedlock wa Gillian Anderson, ambaye usiku ule wa kwanza nilimwona amekauka kama mti, kwa mwendo wa wiki hadi wiki alikuwa anapasuka kidogo kidogo, ufa mmoja kila Alhamisi. Tamthilia ya 1985 imeulinda ukurasa wa kwanza. Ya 2005 imeilinda kalenda. Mimi nilikuwa nimeamua kwamba uaminifu ni wa aina ile ya kwanza tu, na hakuna aliyenipa mamlaka hayo. Ukinilazimisha kuchagua leo nachukua ya 2005, ingawa ukungu bado naudai.

Hukumu nyingine ya haraka ilinitoa jasho zaidi. Great Expectations ya 2011 ilipomweka Gillian Anderson huyohuyo kuwa Miss Havisham, nilijiunga na waliolalamika kwamba ni kijana mno. Alikuwa na miaka 43. Mwanamke aliyeachwa siku ya harusi, aliyesimamisha saa zote na kuvaa gauni lake mpaka likageuka manjano, kwangu alikuwa bibi kizee asiyepungua miaka 70. Nikaamua kuthibitisha. Katika maandishi yake ya kazi Dickens alijipangia umri wa wahusika kuelekea mwisho wa hadithi: Pip, yule mvulana anayesimulia, 23, Magwitch, mfungwa mtoro, 60, Miss Havisham 56. Pip ana takriban miaka saba hadithi inapoanza. Piga hesabu. Siku mvulana yule anapoingizwa kwenye chumba kile chenye mishumaa, mwanamke aliye mbele yake ana miaka kama 40. Anaonekana kizee kwa sababu anayemwona ni mtoto, na kwa sababu amekaa gizani. Hata Martita Hunt, yule wa filamu ya 1946 aliyeniwekea kichwani picha ya kikongwe, alizaliwa mwaka 1900. Nilikuwa namlinda Dickens dhidi ya Dickens.

Na riwaya hiyohiyo ndiyo inayochekesha zaidi ukishikilia neno "uaminifu". Dickens aliiandikia mwisho ambapo Pip na Estella, msichana anayempenda, wanakutana kwa muda mfupi jijini London na kuachana. Rafiki yake Edward Bulwer-Lytton akamshauri aubadilishe, naye akaubadilisha kabla haujachapishwa, wakaondoka pamoja kwenye magofu. Mtengenezaji awe mwaminifu kwa mwisho upi?

Msinielewe vibaya, sijawa mtu wa kusamehe kila kitu. Oliver Twist ya ITV ya Uingereza ya 1999, skripti ya Alan Bleasdale, bado ninayo kesi nayo. Robert Lindsay ni mzuri sana kama Fagin, mkuu wa wezi, hilo silikatai. Lakini Bleasdale alichukua habari za wazazi wa Oliver, ambazo Dickens alizificha mpaka mwishoni, akazitanguliza. Najua kwa nini. Kwenye riwaya siri hizo zinafichuliwa mwishoni kwa maelezo marefu ya harakaharaka, majina na wosia vimerundikana, hata msomaji makini anapotea. Kuzipanga upya ni kazi ya fundi. Ila mtoto Oliver hajui yeye ni nani, na sisi tunaomsoma tumeshika mkono wake kwenye giza hilohilo. Ukishaniambia baba yake ni nani kabla hajazaliwa, mimi nakaa juu namtazama chini. Nimeirudia mara tatu nikitumaini kubadilika, na sijabadilika. Dada anaipenda kuliko zote.

Siku hizi kila riwaya nina tukio moja la kuipimia tamthilia, na huwa sichagui tukio la hadithi. Huchagua mahali ambapo msimulizi anaongea mwenyewe. Kwa Bleak House ni kifo cha Jo, mtoto mfagia njia panda. Daktari Woodcourt anamfundisha Sala ya Bwana, neno kwa neno, na mtoto anakata roho katikati ya sala. Hapo msimulizi anawageukia wakubwa: amekufa, Mtukufu Malkia, amekufa, mabwana wakubwa, na wanakufa hivyo pande zote zetu kila siku. Hakuna mhusika anayeweza kusema maneno hayo. Woodcourt akiyasema atakuwa mhubiri. Katika ya 2005 sala ipo, pumzi inakatika, na baada yake ni kimya. Ni kimya kizuri, dada alilia. Mimi nilikuwa nangoja ile hasira, na hasira haikuja, kwa sababu aliyekuwa na hasira hayupo chumbani.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba hilo haliwezekani kwenye skrini. Nikakanushwa na vikaragosi. The Muppet Christmas Carol ya 1992 ni filamu ya sinema na ya watoto, niliiweka tu kumtuliza mtoto wa dada, na humo Gonzo, kiumbe wa rangi ya buluu mwenye pua ya ndoano, anajitambulisha kuwa ndiye Charles Dickens na anasimulia. Sentensi za kitabu zinatoka mdomoni mwake, huku Michael Caine akimwigiza yule bahili Scrooge bila utani hata chembe. Nimeziona tamthilia nyingi za heshima za hadithi hiyo, ya George C. Scott ya 1984, ya Patrick Stewart ya 1999, na zote zina mengi mazuri. Lakini sauti ya mwandishi niliisikia zaidi kwa yule wa buluu. Sikumwambia mtu kwa wiki nzima.

Baadaye nikaipata Nicholas Nickleby ya Royal Shakespeare Company, iliyoonyeshwa na Channel 4 mwaka 1982. David Edgar aliiandika kwa ajili ya jukwaa, na kamera zikairekodi: zaidi ya saa nane, Roger Rees akiwa Nicholas. Waigizaji hawafichi kwamba wako jukwaani. Na usimulizi wanagawana. Huyu anaanza sentensi ya Dickens, yule anaidaka, wa tatu anaimaliza huku akivaa koti la mhusika atakayefuata. Msimulizi hakuondolewa wala hakupewa kiti pembeni. Amekuwa kundi zima. Niliiangalia peke yangu, mlango nimeufunga, na mara mbili nilisimamisha diski ili nitembee chumbani.

Isionekane kwamba sauti ni lazima iwe ya maneno. Kuna tukio moja kwenye Little Dorrit ya 2008 ambalo nimelirudia mpaka nimeliogopa. William Dorrit amefungwa miaka mingi katika gereza la Marshalsea kwa madeni, gereza lilelile alimofungwa baba yake Dickens mwaka 1824, mwanawe akiwa na miaka 12 na akifanya kazi kiwandani kubandika karatasi kwenye vyungu vidogo vya rangi ya viatu. Dorrit anarithi mali, anakuwa bwana mkubwa, anakataza neno Marshalsea lisitajwe. Kisha kwenye karamu ya Bi. Merdle akili inamkatika, anasimama mbele ya wageni waliovaa vito na kuwakaribisha gerezani. Tom Courtenay anaigiza hilo taratibu, kwa adabu, kama mwenye nyumba. Kitabuni msimulizi ana mengi ya kusema kabla na baada ya hapo. Kwenye skrini sikumkosa hata kidogo.

Tamthilia hiyo ilianza kuonyeshwa Uingereza Oktoba 2008, wiki chache baada ya benki kuanza kuanguka, na ndani yake Bw. Merdle ni mtu ambaye nchi nzima imemkabidhi fedha zake na fedha hazipo. Skripti ilikuwa imekwisha andikwa kabla. Andrew Davies, aliyeiandika hii pia, hakuwa nabii. Alinakili tu kwa uangalifu kitabu cha 1857.

Sasa hivi nasubiri Barnaby Rudge ya BBC ya 1960, nyeusi na nyeupe, riwaya ambayo watengenezaji wengi huikwepa. Nilimwambia dada jana kwamba nimeipata.

"Mwaka umeangalia?"

"Nimeangalia, dada. Sehemu 13."

"Sikuuliza sehemu. Dakika je?"

Nikainuka kwenda kuchukua daftari.